Mzuzu wa kofia

Jibini liliingia nyumbani kwangu likiwa limefungwa kwenye gazeti, kama vibua vya Feri. Rafiki yangu alikuwa ametoka msibani Njombe. Akapita kwangu Tabata saa tano usiku, akaliweka mezani, akasema: "Chukua wewe. Mke wangu hataki hata kuliona." Hakukaa hata kunywa maji. Nilipolifungua nikakuta duara la karibu kilo moja, ganda la manjano linalong'aa, zito mkononi kuliko lilivyoonekana. Nikalisukumia kwenye friji nyuma ya sufuria ya maharage, na kwa siku nne sikulikumbuka.

Tusidanganyane. Mtu wa Dar atalifanyia nini jibini kilo nzima? Mjini hapa jibini ni lile la juu ya piza, au ule ukaratasi wa njano wanaouchomeka kwenye baga. Mimi tena ni mtoto wa Pangani. Nyumbani kwetu maziwa yalikuwa na kazi tatu: chai, mtindi, na kumnywesha mtu aliyekula kitu kibaya. Hakukuwa na ya nne. Njombe ni habari nyingine. Kule juu kuna baridi, kuna ng'ombe wa maziwa, na ufundi wa jibini uliingia na Waitaliano, kupitia mradi wa maziwa ambao shirika lao la CEFA liliuanzisha na wafugaji wa huko. Ndiyo maana mtu anakwenda kuzika Njombe na kurudi na jibini, kama anayekwenda kuzika Lushoto anavyorudi na kabichi.

Kilichonikumbusha ni umeme. Ulikatika Ijumaa usiku, na Jumamosi mchana ulikuwa bado. Friji ikaanza kutoa jasho, jibini nalo likatoa jasho. Maharage niliyala. Jibini likabaki linanitazama, na dirishani nilikuwa na mizuzu minne niliyoinunua Mabibo.

Niseme kidogo kuhusu mizuzu hiyo, maana bila mzuzu wa sawa hakuna la kuendelea nalo. Mabibo kuna soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi, na jina linalistahili: ukishika kichane lazima ujieleze. Muuzaji niliyezoeana naye hakuulizi unataka ngapi. Anauliza, "Za kukaanga leo au keshokutwa?" Swali hilo moja lina thamani kuliko mapishi mengi niliyoyasoma, kwa sababu mzuzu ni ndizi inayobadilika kila siku. Ukiwa wa kijani ni wanga mtupu, ukiukaanga unakuwa kama kipande cha ubao chenye chumvi. Kila siku ukikaa dirishani wanga unageuka sukari. Ganda likishakuwa la njano lote na kuanza kupiga madoa meusi, hapo umefika: utamu upo, na nyama bado inashikana. Ukiuacha hadi ganda liwe jeusi tupu, sukari imezidi, ndani umelegea, na ukiutia kwenye mafuta unakunywa yote na kuungua kingo kabla katikati haijapata moto. Watu wengine wanaupenda hivyo. Mimi naona ni kula mafuta yenye harufu ya ndizi.

Na uwe mzuzu kweli, au mkono wa tembo, ambao ni ndugu yake mwenye vidole vichache na vinene. Bokoboko na mshale ni ndizi za sufuria, ziachie nyama na mtori. Kisukari ni ya kumenya na kula umesimama kituoni.

Basi Jumamosi ile nilikata mizuzu miwili vipande vya mviringo, nikaikaanga kwa mafuta ya alizeti, nikakwangua jibini kwa kile kidude cha karoti, nikanyunyizia juu, nikafunika kikaango. Baada ya dakika mbili nikafunua. Jibini lilikuwa limeyeyuka, hilo siwezi kulinyima. Lakini lilikuwa limeteleza lote, limeshuka chini na kushika kikaango, na ndizi zimebaki juu uchi, zinang'aa, kama watu waliotoka kuoga mtoni wakakuta nguo zimechukuliwa.

Nilikaa na kikaango kile nikikikwangua kwa kijiko, nikila mabaki ya kuungua (matamu, kusema kweli), nikifikiria tatizo. Uso wa ndizi iliyokaangwa una sukari na mafuta. Jibini lililoyeyuka nalo lina mafuta. Mafuta juu ya mafuta hayakamatani. Panatakiwa kitu cha kati, kikavu kidogo, chenye kushika. Na jikoni kwangu kitu kikavu chenye kushika kilikuwa kimoja, kimelala kwenye mfuko chini ya sinki: muhogo.

Asiyeijua Dar atashangaa. Anayeijua anajua kwamba muhogo na mafuta ya moto ni marafiki wa siku nyingi. Nenda Coco Beach Jumapili jioni, utakuta foleni za watu wanaongoja mihogo, ya kukaanga na ya kuchoma, inayopasuliwa katikati na kupakwa pilipili na ndimu hadi machozi yatoke. Ya kukaanga ina jina lake mitaani: chipsi dume. Nimekula chipsi dume nyingi kuliko umri wangu unavyoruhusu. Kwa hiyo wazo la muhogo juu ya mzuzu halikuniogopesha. Nilichokosea ni njia.

Umeme ulirudi Jumapili asubuhi. Nikafurahi, na furaha ikaniponza: nikachemsha muhogo ukaiva vizuri, nikautia kwenye brenda pamoja na jibini na maziwa kidogo, nikawasha. Brenda ililia, ikabadilisha sauti, ikanyamaza. Nilipochovya kijiko na kukivuta, jagi lilinyanyuka nacho. Ilikuwa gundi, na sisemi kwa mfano. Sisi watoto wa Pangani tulibandika tiara zetu kwa uji wa unga wa muhogo, na hii ilikuwa ileile, ila yenye jibini. Nilipaswa kujua. Muhogo ukichemka, chembe zake za wanga zinavimba kwa maji, lakini nyingi bado ziko nzima. Visu vya brenda vinazipasua zote, wanga unamwagika nje na kushikana, na hapo huwezi tena kurudi nyuma. Viazi mbatata vinakusamehe kidogo kosa hilo. Muhogo hausamehi.

Jumatatu shangazi yangu akaja.

Nilimpokea stendi ya Magufuli kule Mbezi, na kikapu chake cha ukili ambacho hakubali mtu mwingine akibebe. Alikuja kupimwa macho, akae wiki. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama, na ana kawaida moja: akiingia nyumba ya mtu hakai kabla hajapita jikoni. Nikamwamkia tena mlangoni, maana stendi kulikuwa na kelele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kinachonuka hapa ni nini?"

Nikamwonyesha jibini. Akalishika kwa ncha ya khanga, akaligeuza, akalirudisha. "Haya ni maziwa?"

"Ni maziwa, shangazi. Yamegandishwa, yakakamuliwa maji, yakakaa."

"Yamekaa sana," akasema.

Nikamweleza mpango wangu wote, na misiba yangu miwili. Nilidhani atacheka muhogo juu ya ndizi, wanga juu ya wanga. Hilo wala halikumshughulisha. Na lingemshughulishaje? Mtu wa pwani akifuturu, sufuria moja inakuwa na muhogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi, zote zimelazwa kwenye tui, na hakuna anayeuliza wanga ni kiasi gani. Tatizo lake lilikuwa kwingine. "Nani aliwahi kuchanganya ndizi na maziwa?" akauliza. "Ndizi ina tui lake."

Kwa swali hilo nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa majivuno. Ibn Battuta, nikamwambia, yule msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu mwaka 1331, na mgeni wa Sultani alivyo, akaletewa wali wa samli na vitoweo juu yake. Pembeni akapewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo kingine cha maziwa ya mgando yenye ndimu za achari, pilipili za siki, tangawizi mbichi na maembe. Karibu miaka 700 iliyopita, shangazi, ndizi na maziwa, pwani hii hii. Halafu akashuka Mombasa, akakuta watu chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anamenya kitunguu ambacho hakuna aliyemwomba akimenye. "Huyo alikuwa mgeni," akasema. "Mgeni anakula anachopewa."

Ukitazama vizuri, hata hivyo, katika sahani yangu mgeni alikuwa muhogo. Ibn Battuta hakuukuta. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ni Wareno waliouvusha bahari kuuleta Afrika, baada ya mwaka 1500. Ndizi ilikuja zamani zaidi, kutoka upande wa Asia ya Kusini-Mashariki. Lakini jaribu kumwambia mtu wa Pangani kwamba muhogo ni wa kuja. Atakuonyesha kaburi la babu yake na shamba la muhogo lililo pembeni yake.

Jumatano shangazi alitoka kliniki na miwani mpya na hamu ya kuona kila kitu, tukapita sokoni pamoja. Nilishachagua mihogo, minene, mirefu, mizuri. Alipoiona alivunja mmoja mbele ya muuzaji bila kuomba ruhusa, akausogeza kwenye miwani. Katikati, kwenye nyama nyeupe, kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama mtu amezimia sigara ndani yake. Akauvunja wa pili: vilevile. Muuzaji akasema ni udongo. Shangazi akamwambia, "Udongo unaingia ndani ya muhogo kwa mlango gani?" Tukaondoka.

Mabaka yale ni ugonjwa, unaitwa michirizi kahawia, na mtu wa kwanza kuuandikia ripoti ya kitaalamu alikuwa H. H. Storey, mwaka 1936, wa kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ni mkoa wetu huohuo wa Tanga. Ubaya wake ni kwamba batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, inajitangaza kwenye majani yakajikunja ukayaona toka barabarani, lakini michirizi kahawia inaweza kukuachia shamba la kijani la kupendeza mpaka siku ya kung'oa. Mkulima anangoja miezi kumi, anavuta shina, na anakuta mizizi imeoza kikavu. Nilisoma haya yote kwenye kompyuta. Shangazi aliyajua kwa kuvunja.

Meza ya tatu tulipata mihogo misafi. Nyumbani akanionyesha tena kumenya, kama vile sikuwahi kufundishwa. Unachana ganda kwa urefu, mstari mmoja, kisu kiingie hadi kwenye ile ngozi ya pili ya pinki. Kisha unaingiza ncha ya kisu chini yake na kubandua. Ukiwa mbichi wa leo unabanduka kama soksi. Ukikatikakatika, umekaa siku nyingi. Akamega kijipande kutoka kwenye ncha, akakitafuna kwa meno ya mbele, akatema. "Mtamu." Ni muhogo mtamu tu unaofaa kuchemshwa na kuliwa hivihivi. Ule mchungu una sumu ya sianidi kwa wingi, nao una njia zake ndefu za kulowekwa, kuvundikwa na kukaushwa, na si wa kufanyia majaribio ya jibini.

Akauchemsha kwa maji ya chumvi, sufuria wazi, hadi vipande vikaanza kupasuka vyenyewe na kuchanua. Maji akayamwaga yote. Akapasua kila kipande na kuuvuta ule uzi mgumu wa katikati, akautupa. Halafu akafanya ambalo brenda yangu haikulifanya: akaurudisha kwenye sufuria ya moto, juu ya jiko lililozimwa, akauponda kwa mwiko ungali unatoa mvuke. Aliuponda tu, hakuukoroga wala kuuzungusha. Muhogo ukipoa unakaza, na ukishakaza hutauponda tena, utaukatakata. Ukiponda wa moto unapata kitu cha mabonge madogo madogo, laini lakini chenye meno. Akanyosha mkono bila kutazama nyuma. "Tui."

Sikuwa nimepanga tui. Nilikuwa na maziwa na jibini, na mawazo ya kizungu. Lakini nilikuwa na nazi, maana hakuna nyumba ya mtu wa pwani isiyo na nazi, na mbuzi ya kukunia iko chini ya kitanda. Nikakuna, nikakamua tui la kwanza, zito, nusu kikombe. Akamimina kidogo kidogo mpaka muhogo ukalainika kiasi cha kushikika kwenye kijiko bila kuanguka. Kitunguu alichokimenya tangu Jumatatu (nasema kwa utani, kilikuwa kingine) akakikata vidogo sana, na pilipili mbuzi moja bila mbegu, na chumvi. "Sasa tia hilo lako," akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Nikatia jibini lililokwanguliwa, gramu 150 hivi kwa nusu kilo ya muhogo. Muhogo ulikuwa bado wa moto, jibini likaanza kuvuta nyuzi papo hapo. Hilo la Njombe ni la namna inayovutika. Si kila jibini linafanya hivyo. Ukienda kwenye maduka ya Wahindi Kisutu ukanunua paniri, nzuri sana kwenye mchuzi wa spinachi, usitegemee iyeyuke: imegandishwa kwa ndimu au siki, na jibini la asidi likipata moto linakauka mahali lilipo kama chaki. Linaloyeyuka ni lile lililogandishwa kwa dawa ya tumbo la ndama, kama haya ya Kiitaliano na ya Kiholanzi.

Na hapa nifungue mabano kwa ajili ya wanaodhani niliokota wazo hili ndotoni. Brazil, kwenye jimbo la Minas Gerais, wanaoka vidonge vya wanga wa muhogo na jibini, vinavyoliwa na kahawa nchi nzima. Ecuador wanaponda ndizi ya kijani kibichi iliyokaangwa, wanaifinyanga na jibini, wanakula asubuhi. Na hapa jirani, Kariakoo, yupo Mkongo anayeniuzia vitenge vya shangazi. Nilipomsimulia habari hii hakushangaa hata kidogo. "Kwetu Goma," akasema, "makemba na fromaje ya Masisi, hiyo ni chakula ya jioni." Makemba ni ndizi za jamii ya mzuzu, fromaje ni jibini. Masisi ni milima ya malisho juu ya Goma, na jibini lake, magurudumu mazito yanayofanana na ya Uholanzi, lilianzishwa na mapadri wa Kibelgiji miaka ya 1970. Limepita vita vyote vya Kivu likiwa hai. Kwa hiyo mimi na rafiki yangu wa Njombe tulichelewa tu kufika.

Turudi jikoni. Mizuzu safari hii sikuikata mviringo. Niliipasua kwa urefu, kila mmoja vipande vitatu vya unene wa kidole, nikaikaanga kwa moto wa wastani, dakika mbili na nusu kila upande, hadi ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona inakimbilia weusi, moto wako ni mkali, sukari inaungua. Nilipoitoa, ingali ya moto, nilibonyeza katikati ya kila kipande kwa mgongo wa kijiko, pakawa na shimo refu, kila kipande kikawa kidau kidogo. Ndani ya kidau nikajaza muhogo. Muhogo ulikamata. Nikakiinamisha kimoja, nikakigeuza kabisa, haukuanguka. Nilifurahi kama mtoto.

Kikabaki kitu kimoja. Juu palikuwa peupe, pa kuchosha macho. Jibini linataka kuchomwa kutoka juu, lipate magamba ya kahawia, na mimi sina ovena. Nilikuwa naanza kueleza jinsi ambavyo kwenye ovena ingekuwa dakika nane, shangazi akanikatiza.

"Si unapalia tu?"

Nilinyamaza. Miaka kumi na tatu nimekaa Dar napikia gesi, nimesahau kupalia. Wali wa nyumbani kwetu haukuwahi kushuka jikoni bila kupaliwa: moto chini unapunguzwa, makaa yanawekwa juu ya kifuniko, wali unaiva pande mbili. Keki za Idi zilipikwa hivyo. Mikate ya kumimina ilipikwa hivyo. Ile ndiyo ovena, na nilikuwa nayo muda wote kwenye baraza, jiko la mkaa la kuchomea mahindi.

Shangazi akawasha mkaa mwenyewe, maana anasema gesi yangu haina adabu, inaunguza katikati na kuacha pembeni. Akapanga vidau kwenye sufuria pana, akapaka mafuta kidogo chini ili visishike, akanyunyizia juu jibini lililobaki, kwa vidole viwili, uso umekunjwa. Chini akaacha majivu ya moto tu. Akafunika kwa kifuniko bapa cha bati, akachota makaa kwa koleo, akayapanga juu kwa duara, kuanzia pembeni kuja katikati. Kisha akakaa kwenye kibao na kuanza kunisimulia habari za daktari wa macho.

Nilitaka kufunua baada ya dakika tatu. Akanipiga mkono. Baada ya dakika tano nikasikia sauti ndogo, kama mvua ya kwanza kwenye makuti: jibini linatoa povu. Harufu ikabadilika. Ile harufu ya gazeti na friji iliondoka, ikaja ya maziwa yaliyoungulia kidogo kwenye kingo za sufuria, na chini yake nazi, na chini kabisa sukari ya ndizi. Alipoinua kifuniko, kwa uangalifu, makaa yasidondoke, vile vidau vilikuwa na mgongo wa kahawia wenye malengelenge, mafuta yanachuruzika pembeni.

Mtoto wa jirani, miaka sita, aliyekuwa amefuata harufu na kusimama mlangoni bila kusema hodi, akasema, "Ndizi imevaa kofia." Jina likabaki hapo.

Tulikula kwa mkono, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Ndimu si pambo, bila ndimu kitu hiki kinakulemea kwenye kipande cha pili. Unauma juu pagumu, unaingia kwenye muhogo wenye pilipili, halafu unafika kwenye utamu wa mzuzu, na chumvi ya jibini inaukuta pale. Mtoto alikula vinne. Shangazi alikula kimoja na nusu. Ile nusu aliniachia mimi, upande wenye jibini jingi.

"Vipi, shangazi?"

"Muhogo umeiva vizuri," akasema.

Ijumaa nilimrudisha stendi, akapanda basi la Tanga, na kutoka Tanga kuna kama kilomita 50 hadi Pangani, ambazo alizitumia zote kunipigia simu kunikumbusha kufungua madirisha ya jikoni.

Mwezi wa Ramadhani nilikwenda nyumbani siku tatu. Nilimchukulia kipande cha jibini, robo kilo, nimekifunga mara mbili kwenye nailoni, nikijua kabisa atakavyosema, lakini mtu haendi mikono mitupu. Adhana ya magharibi ilipolia tukafungulia tende na uji wa pilipili manga, na sinia likaletwa: tambi, kaimati, maharage ya nazi, na katikati safu mbili za mizuzu iliyopasuliwa kwa urefu, migongo ya kahawia, inatoa mvuke.

Nikachukua moja. Muhogo uleule wa kupondwa, wenye meno. Lakini juu hapakuwa na jibini. Alikuwa amechemsha tui la kwanza polepole mpaka likakatika na kutoa mafuta, zikabaki zile chembe za kahawia za chini ya sufuria, tamu, zenye chumvi, akazichanganya na yai moja na samli, akapaka juu, akapalia. Palikuwa na ganda. Palikuwa na malengelenge. Wajukuu wake walikuwa wanagombania za pembeni, zilizoungua zaidi.

"Ndiyo ile yako," shangazi akasema, akinisogezea sinia. "Nimeitoa harufu tu."

Nilikula tatu, sikusema kitu. Usiku, nilipofungua begi kutoa kanzu ya tarawehe, nikakuta nailoni zote mbili zimetoboka, na kanzu nzima inanuka Njombe.